Uliza Ujibiwe: Stelingi mpole, kumbe ana makucha

SWALI: Mambo vipi mhariri, nimeanza juzi kuangalia muvi za zamani za Hollywood, nimemaliza Mr. Smith Goes to Washington ya 1939 na It's a Wonderful Life ya 1946, zote stelingi ni James Stewart na zote naona ni mtu yuleyule, mrefu, mwembamba, mpole, anaongea kwa kusitasita kama neno limemdondoka. Sasa nasikia eti jamaa alikuwa anacheza uhusika wowote ule. Uhusika gani huo? Au ndo sifa za marehemu? – Mbishi

JIBU: Mbishi, kwa hizo mbili hata mimi ningebisha, maana zote kaziongoza mtu mmoja, Frank Capra, na Capra alimtaka jamaa kwa kazi moja tu, mtu mwema abanwe mpaka akose pa kutokea. Ila hebu rudia It's a Wonderful Life pale pesa za ofisi zimepotea, anarudi nyumbani anamfokea mtoto anayefanya mazoezi ya piano, anapiga mateke vitu vyake sebuleni, familia nzima imeganda inamwangalia. Huyo mpole yuko wapi hapo?

Huyo jamaa wa sebuleni ndo muongozaji Anthony Mann alikuja kumfungulia mlango. Kati ya 1950 na 1955 walipiga muvi 8 pamoja, 5 kati ya hizo za kauboi, na mimi nakwambia anza na The Naked Spur ya 1953. Humo Stewart anawinda mtu kwa ajili ya zawadi ya dola 5,000, anataka kununua tena shamba lake ambalo mchumba wake aliliuza yeye akiwa vitani, na ana hasira mpaka unamwogopa kuliko hata adui mwenyewe.

Kuhusu kusitasita, uko sahihi, hakuacha. Lakini sikiliza vizuri. Kwenye Harvey ya 1950, ambako rafiki yake ni sungura mkubwa asiyeonekana na watu, anasita kwa adabu, hataki kumkata mtu kauli. Kwenye The Naked Spur anasita kwa sababu hasira imemkaba koo. Halafu Anatomy of a Murder ya 1959 ndo inanimalizaga kabisa, pale ni wakili anayejifanya mshamba, anasitasita makusudi ili mahakama imuone hana lolote, huku anawapiga chenga mawakili wa serikali mmoja baada ya mwingine. Wengine wanabadilisha sauti, wanabandika ndevu, yeye kigugumizi kilekile kimefanya kazi tatu tofauti, kwangu mimi huo ni ufundi mgumu zaidi.

SWALI: Ni kweli alipigana vita vya pili vya dunia au studio zilikuwa zinampamba tu? – Msomaji wa kimya kimya

JIBU: Kweli tupu. Mara ya kwanza jeshi lilimkataa kwa wembamba, akaongeza uzito, akaingia Machi 1941 kama askari wa kawaida, na vita vinaisha 1945 yeye ni kanali. Alirusha ndege za mabomu aina ya B-24 kutokea Uingereza, misheni 20 za kupiga Ujerumani na nchi ilizoziteka. Wengi wanaamini ule ukali wa miaka ya 50 alirudi nao kutoka huko, na ukiangalia muvi za kabla ya vita na za baada yake mfululizo ni ngumu kuwabishia.

SWALI: Oscar alipata kwa muvi ipi, na alilipwa vizuri? – Mama Filamu

JIBU: The Philadelphia Story ya 1940, mama, vichekesho tena. Ile sanamu ya Oscar baba yake akaiweka kwenye dirisha la duka lake la vifaa vya ujenzi, wateja waione. Kwenye pesa jamaa alikuwa mjanja, au tuseme wakala wake Lew Wasserman, maana studio ya Universal iliposhindwa kumlipa dola 200,000 alizotaka, wakakubaliana achukue sehemu ya faida ya Winchester '73, muvi yake ya kauboi ya 1950. Ikaingiza hela nzuri, na baada ya hapo mastaa wengine wakaanza kudai hivyohivyo.

SWALI: Nina usiku mmoja tu wa kuangalia, nipe moja. – Dogo

JIBU: Rear Window ya 1954, dogo. Mguu una plasta, kakaa kwenye kiti cha magurudumu anachungulia majirani, na muvi nzima anaibeba kwa macho. Vertigo ya 1958 ni kubwa zaidi, mwaka 2012 wakosoaji waliopigia kura kwenye jarida la Sight and Sound waliiweka namba moja, lakini humo anamlazimisha mwanamke apake nywele rangi na kuvaa nguo ili afanane na marehemu mpenzi wake, kwa hiyo hiyo iache kwanza, hasa kama unaangalia na mchumba mpya.