Maswali yenu: watu wa hesabu na watu wa baiolojia wafanyeje kazi pamoja?

Haya, safari hii nimekusanya maswali yanayogusa jambo moja, ushirikiano kati ya watu wa hesabu na watu wa baiolojia. Mengine nimeyafupisha. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mjue naongea nikiwa upande gani: mtu wa hesabu aitwe siku swali linapozaliwa, asisubirishwe mpaka data zijae kabatini.

Nasoma baiolojia, hesabu niliachana nayo sekondari. Siku hizi kuna programu za takwimu za kila aina, kweli bado nahitaji mtu wa hesabu?

Unamhitaji sana dada, na sio kwa kazi ya kubonyeza programu. Programu inajibu ulichouliza, mtu wa hesabu anaweza kukuonyesha kwamba ulitakiwa kuuliza kitu kingine kabisa. Chukua malaria. Ronald Ross, ambaye alikuwa daktari, ndiye aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vinakua ndani ya mbu, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1902, lakini watu wakawa wanamwambia sasa itasaidia nini wakati mbu wote huwezi kuwamaliza, basi akakaa chini akaandika milinganyo na ikaonyesha kwamba sio lazima uwamalize, wakishuka chini ya kiwango fulani malaria inashindwa kujiendeleza na inakwisha taratibu. Miaka ya 1950 George Macdonald, mtaalamu wa malaria, akaisogeza mbele hiyo kazi. Angalia hesabu yenyewe ilivyo: kimelea kikiingia kwa mbu kinahitaji kama siku 10 hivi, kutegemea joto, kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu. Tuseme kila siku mbu ana uwezekano wa asilimia 90 wa kuiona kesho yake, basi wanaofikisha siku 10 ni kama 35 katika kila 100. Sasa dawa ya kupulizia ukutani ikishusha ile 90 ikawa 80, wanaofika ni 11 tu! Yaani ukiwapunguza mbu kwa nusu unapunguza hatari kwa nusu, ila ukigusa kidogo tu uwezekano wao wa kuishi hatari inaporomoka. Hilo huwezi kuliona kwa macho hata ukae na mbu maabara mwaka mzima, na mtu wa hesabu peke yake naye asingejua kwamba kimelea kinahitaji hizo siku.

Mimi ni wa hesabu, natamani kufanya kazi na wanabaiolojia ila sijui nawapata wapi wala nianzie wapi kuongea nao.

Nenda walipo. Kaa kwenye semina zao hata kama nusu ya maneno yanakupita, omba kushinda maabara siku moja uone sampuli zinavyochukuliwa, uliza kwa nini wanapima hiki na hawapimi kile. Usiende na modeli (yaani milinganyo inayoeleza jambo fulani kwa ufupi) tayari mfukoni ukitafuta pa kuibandika, hilo wanalinusa mapema na watakukwepa.

Na usidharau urafiki wa kawaida. Mwaka 1908 Reginald Punnett, mtu wa jenetiki pale Cambridge, alikuwa amekwama: aliulizwa kwa nini sifa inayotawala (inayojitokeza hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu) isizidi kuenea kizazi hadi kizazi, na hakuwa na jibu la kueleweka. Akampelekea G. H. Hardy, mwanahisabati ambaye walikuwa wakicheza wote kriketi, na Hardy akalimaliza kwa aljebra ambayo mwanafunzi wa sekondari anaifuata bila shida: kutawala peke yake hakuifanyi sifa izidi kuenea. Mwaka huohuo daktari Mjerumani, Wilhelm Weinberg, alifikia jibu hilohilo kivyake, ndio maana leo tunaita kanuni ya Hardy na Weinberg. Kule Italia nako mwanabaiolojia Umberto D'Ancona alikuwa anashangaa takwimu za masoko ya samaki wa bahari ya Adriatic, miaka ya vita kuu ya kwanza uvuvi ulipungua lakini sehemu ya papa na samaki wengine walao wenzao ikapanda, kwa nini wafaidike wao kuliko wanaoliwa? Akampelekea baba mkwe wake, mwanahisabati Vito Volterra. Mwaka 1926 Volterra akatoa milinganyo miwili, mmoja wa mla na mmoja wa mliwa, ikionyesha kwamba uvuvi ukipungua wastani wa walaji unapanda na wa wanaoliwa unashuka (Alfred Lotka alikuwa ameshaiandika milinganyo ya namna hiyo mwaka 1925). Kote kuwili mwenye swali alikuwa na mtu wa karibu wa kumuuliza bila aibu, na hiyo ndiyo hali ya kuitengeneza pale ulipo.

Kila kikao tunabishana. Wao wanasema modeli yangu imeacha vitu vingi mno, mimi naona wakiniongezea vyote haitasema chochote. Nani yuko sahihi?

Wote mna hoja, na ugomvi huu ni mzuri mkiupa utaratibu. Kila mtu anapotaka kitu kiongezwe muulizane: kikiingia, ni utabiri gani utabadilika ambao tunaweza kuupima? Kama hakuna, kikae nje kwanza. Kama upo, kiingie hata kama milinganyo itachafuka, na wewe wa hesabu usinung'unike.

Mfano ninaoupenda ni wa HIV. Kuna kipindi mgonjwa anakaa miaka bila dalili na kiasi cha virusi kwenye damu hakibadiliki sana, kwa hiyo ilikuwa rahisi kudhani kwamba virusi vimelala. Katikati ya miaka ya 1990 Alan Perelson, mtu wa milinganyo kutoka maabara ya Los Alamos kule Marekani, alifanya kazi na David Ho na timu yake ya madaktari. Wagonjwa walipewa dawa inayozuia virusi vipya vyenye uwezo wa kuambukiza, halafu damu ikawa inachukuliwa mara kwa mara sana, kwa sababu hesabu zilidai vipimo vya karibukaribu. Virusi vilishuka kwa kasi, na ile kasi ndiyo iliyotoa siri: kumbe mwili unaondoa nusu ya virusi vilivyomo kwenye damu ndani ya saa kama 6, na kama kiasi kilikuwa hakibadiliki maana yake vinatengenezwa kama bilioni 10 kila siku. Pale palipoonekana kimya palikuwa na vita. Na virusi vinavyozaliana kwa wingi huo huku vikikosea kujinakili vitapata tu namna ya kuikwepa dawa moja, kwa hiyo ikawa hoja nzito ya kutumia dawa kadhaa kwa pamoja. Milinganyo yenyewe ilikuwa mifupi kabisa! Ilikuwa na vitu vichache vinavyopimika, basi.

Tumemaliza makala, sasa tunagombana majina yapangwe vipi.

Hili linaua urafiki wa watu wazuri kabisa. Kwenye hisabati, hasa ile tupu isiyolenga matumizi, majina hupangwa kwa alfabeti na hakuna anayeona ajabu, kwenye baiolojia wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa na wa mwisho ni mkuu wa maabara, kwa hiyo mtu wa hesabu anayewekwa katikati kwa wema tu anaweza kuonekana hajafanya kitu siku ya kupandishwa cheo. Ongeeni wiki ya kwanza, muandike, na mkubaliane mtabadilisha kazi ikibadilika. Kwa makala hii mliyonayo, majarida mengi yanaruhusu kuandika kwamba watu wawili wamechangia sawa, tumieni nafasi hiyo.

Wenzangu wamefanya majaribio miaka kadhaa ndio sasa wameniletea majedwali, na nikiangalia naona hayawezi kujibu swali lao. Niwaambieje?

Waambie ukweli, kwa upole, na uanze na kile ambacho majedwali hayo yanaweza kujibu, maana huwa kipo. Ronald Fisher, mtakwimu maarufu wa Uingereza, alishasema mwaka 1938 kwamba kumwita mtakwimu baada ya jaribio kuisha mara nyingi ni kumwomba apasue maiti, labda atakwambia jaribio lilikufa kwa nini. Halafu pendekeza jaribio dogo linalofuata mlipange wote.

Kingine, kabla ya hesabu yoyote kagua jedwali lenyewe. Jeni iliyokuwa inaitwa SEPT2 ukiiandika kwenye Excel, ile programu ya majedwali, ilikuwa inageuka tarehe ya mwezi wa tisa, na makosa hayo yaliingia kwenye makala nyingi tu zilizochapishwa, mpaka mwaka 2020 wasimamizi wa majina ya jeni za binadamu wakatangaza kwamba wameyabadilisha, hiyo sasa ni SEPTIN2.

Hisabati yenyewe inapata nini? Naona tunakuwa mafundi wa kuwatengenezea wenzetu.

Hapana ndugu yangu, hapa nakukatalia kabisa. Mwaka 1937 Fisher aliandika mlinganyo wa jeni yenye faida inavyosambaa kwenye eneo, na mwaka huohuo mwanahisabati Mrusi Kolmogorov na wenzake wawili wakaufanyia kazi, na mpaka leo kuna wanahisabati wanaoishi humo kwenye mawimbi yanayosafiri, yaani namna jeni hiyo inavyosonga mbele kama wimbi. Mwanahisabati Alan Turing mwaka 1952 alijiuliza kiumbe kinapataje maumbo na mpangilio, akatuonyesha kwamba kemikali mbili zikisambaa kwa kasi tofauti zinaweza kuzaa madoa zenyewe, wakati sote tungetarajia kusambaa kunafuta tofauti. Robert May, mtu wa ikolojia, naye mwaka 1976 alichukua mlinganyo mdogo mno wa idadi ya wanyama mwaka hadi mwaka akaonyesha unavyoweza kuleta vurugu isiyotabirika. Haya yote ni hisabati halisi, na mlango wake ulikuwa kiumbe hai.

Mimi ni mkuu wa idara, pesa hakuna. Nifanye nini?

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu, wasimamizi wawili, mmoja kila upande, na wote wahudhurie vikao vyake. Semina ya pamoja ambayo mzungumzaji anakatazwa kuonyesha matokeo, anakuja na swali lililomshinda tu. Na kwenye kamati ya kupandisha vyeo, mtetee kwa nguvu yule aliyechapisha kwenye jarida la upande wa pili.