Kabla hujaandika kwa nini timu yako imefungwa, hesabu mashambulizi

Wewe unayeanza kushika daftari la takwimu pembeni ya uwanja wa kikapu, nakuandikia kuhusu mechi moja. Imeniuma kuliko zote nilizowahi kuangalia, na ndiyo iliyonifundisha kazi hii.

Ilikuwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 17 Machi 2018, kwa saa za Dar es Salaam. Kule Charlotte, North Carolina, bado ilikuwa Ijumaa usiku. Timu ya Chuo Kikuu cha Virginia, niliyoipenda kwa sababu ya ulinzi wake, iliingia mashindano ya vyuo vya Marekani, ya NCAA, ikiwa namba 1 kwa timu zote: imeshinda mechi 31, imepoteza 2. Wapinzani wao, UMBC (Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County), walikuwa namba 16 katika kanda yao, yaani mkiani; kanda ni nne, na kila moja hupanga timu zake kutoka namba 1 hadi 16. Mwezi Januari mwaka huohuo UMBC walikuwa wamefungwa na Albany 83–39. Wenye kuweka dau waliipa Virginia ushindi wa pointi 20 na nusu.

Mapumziko ubao ulisoma 21–21. Mechi ilipoisha ulisoma 74–54, na waliokuwa na 74 ni UMBC. Nje kulishakucha, watu wanakwenda sokoni, nami bado nimekaa na simu mkononi.

Asubuhi ileile niliandika maelezo yangu, na karibu yote yalikuwa mabovu. Nilianza na De'Andre Hunter, mchezaji wa Virginia. Alikuwa amevunjika mkono siku chache kabla ya mechi, na wastani wake msimu ule ulikuwa pointi 9.2. Nikatoa 9 kwenye 20, nikaandika kwamba nusu ya kipigo ni jeraha. Usifanye hivyo kamwe. Mchezaji anapokosekana, dakika zake na mitupo yake huchukuliwa na mwenzake, naye pia hufunga. Kinachopotea ni tofauti kati yao wawili, siyo wastani mzima wa aliyeumia. Hunter alikosekana zaidi upande wa ulinzi, kwa sababu aliweza kumkaba mlinzi mfupi na mshambuliaji mrefu vilevile, na jambo hilo halipo kabisa kwenye safu ya pointi.

Kisha nikaandika neno "muujiza". Kabla ya usiku ule, timu namba 16 zilikuwa zimekutana na namba 1 mara 135 tangu mwaka 1985 bila kushinda hata mara moja. Ukiona sufuri katika 135 moyo unakwambia jambo hilo haliwezekani. Hesabu haisemi hivyo. Kuna njia nyepesi ambayo nataka uikariri: jambo ambalo halijatokea hata mara moja, chukua 3 ugawanye kwa idadi ya majaribio. Jibu linakupa kiwango cha juu ambacho bado huna haki ya kukikataa. Hapa 3 kwa 135 ni asilimia 2.2. Kila Machi kuna mechi 4 za namna hiyo, kwa hiyo hata ukifuata kiwango hicho cha juu, ungesubiri zaidi ya miaka 11 kuona moja. Na kweli mwaka 2023 ikatokea tena: Purdue wakafungwa na Fairleigh Dickinson 63–58. Kufikia hapo ni mara 2 katika mechi 152.

Tena ile sufuri ilikuwa ya wanaume peke yao. Upande wa wanawake, Harvard wakiwa namba 16 waliwafunga Stanford 71–67 mwaka 1998, miaka 20 kabla. Data ilikuwepo, sisi hatukuifungua. Mwandishi wa takwimu anayeruka mechi za wanawake anajinyima nusu ya ushahidi wake, na hilo naliona kila msimu hata kwenye viwanja vyetu.

Sasa tufike kwenye mashambulizi. Shambulizi moja ni tangu timu ishike mpira hadi ufike kwa wapinzani, iwe imefunga au imeupoteza. Virginia ya kocha Tony Bennett ndiyo iliyocheza polepole kuliko timu zote 351 za daraja la kwanza, karibu mashambulizi 60 kwa mechi, wakati wastani wa vyuo ni karibu 70. Walikuwa wakiruhusu pointi 53 na kidogo kwa mechi, namba iliyonifanya niringe. Lakini sehemu ya namba hiyo ni mwendo tu: adui akipata nafasi chache atafunga pointi chache. Ndiyo maana safu ya kwanza katika daftari lako iwe idadi ya mashambulizi, na pointi zigawanywe kwa hiyo. Virginia bado walikuwa wazuri sana, kama pointi 0.9 kwa kila shambulizi la adui. Usiku wa UMBC, pointi 74 kwa mashambulizi 60 na ushei ni karibu 1.2. Hapo ndipo unaona ukubwa wa kilichotokea.

Mwendo wa polepole una gharama nyingine ambayo niliielewa uwanjani kwetu, siyo kitabuni. Niliwachukua vijana wawili wa timu, mmoja anafunga mitupo huru 8 katika 10, mwingine 6 katika 10. Nikawashindanisha kwa mitupo mitano mitano. Yule wa 6 alishinda au kutoka sare mara nyingi hadi mwenzake akakasirika. Nikawaambia watupe mitupo 100 kila mmoja, wakamaliza jua linazama, na aliye bora akaongoza kwa mbali. Ubora unahitaji nafasi nyingi ili uonekane. Timu yenye nguvu inayopunguza mashambulizi inajinyima muda wa kuonyesha nguvu yake. Ile 21–21 ya mapumziko ndiyo ilikuwa kengele, nami nilikuwa naiangalia kama ajali ndogo.

Baada ya hapo hesabu mitupo, lakini kwa uangalifu, maana hapa ndipo shabiki hujidanganya kirahisi. Virginia walitupa pointi tatu 22, zikaingia 4. Chukua asilimia 38, kiwango kilicho karibu na chao cha msimu: tungetegemea 8. Vikapu 4 vimepotea, pointi 12. UMBC walitupa 24, zikaingia 12. Kwa asilimia 38 hiyohiyo tungetegemea 9, yaani wamepata pointi 9 za ziada. Kumi na mbili na tisa ni 21, na tulifungwa kwa 20. Nilipofika hapo nilitaka kufunga daftari, nikamwambia kila mtu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Timu ya asilimia 38 hupata 4 au chini yake katika mitupo 22 kama mara 4 katika 100, yaani usiku mmoja katika 25, na timu hucheza zaidi ya mechi 30 kwa msimu. Usiku kama ule lazima uje.

Lakini rudi uangalie video. Mitupo mingi ya Virginia kipindi cha pili ilitupwa na watu waliokuwa wameachwa kwa pointi 10 na zaidi, wana haraka, na mtu mwenye haraka si yule wa asilimia 38. Halafu toa pointi tatu zote uangalie kilichobaki: UMBC walifunga 14 katika mitupo 24 ya pointi mbili. Kipindi cha pili peke yake walitupa mara 28 wakakosa 9 tu. Jairus Lyles alifunga pointi 28, kati ya hizo 23 ni za kipindi hicho, na mara kwa mara alimpita mlinzi wake akaenda hadi chini ya kikapu. Mpira ukiletwa na K.J. Maura, mwenye sentimita 173, walinzi wetu walichelewa kurudi. Hiyo si bahati. Ulinzi ambao kazi yake yote ni kuziba njia ya ndani uliacha njia ya ndani wazi kwa dakika 20.

Kwa hiyo maelezo yangu ya leo yana sehemu mbili, na zote nazisimamia: mwendo wa polepole uliwaacha UMBC wawe sawa nasi hadi mapumziko, na kipindi cha pili tulizidiwa kweli, bahati ya mitupo ikaongeza tu upana wa kipigo. Ukilazimika kuandika sababu moja, iandike baada ya kutenganisha vipindi. Jumla ya mechi ilinificha jambo hili kwa wiki nzima.

Tarehe 22 Machi 2019, saa nne usiku kwetu, Virginia walikuwa tena namba 1 wa kanda wakicheza na namba 16, Gardner-Webb. Kocha yuleyule, mwendo uleule. Waliachwa kwa pointi 14, na mapumziko ilikuwa 36–30 dhidi yao. Jamaa niliokaa nao walianza kuondoka. Nilipiga mstari chini ya kipindi cha kwanza, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika namba ya shambulizi: 1. Ukurasa ule ninao hadi leo. Pointi za kipindi cha pili: Virginia wana 41, Gardner-Webb wana 20, na ubao wa mwisho 71–56. Tarehe 8 Aprili wakachukua ubingwa kwa kuwafunga Texas Tech 85–77 katika muda wa nyongeza, na Hunter, mkono umeshapona, alifunga 27.