Conrad hakuzaliwa Mwingereza
Ulisema Joseph Conrad, yule mwandishi wa riwaya za Kiingereza, kazaliwa Uingereza. Hapana ndugu, jamaa ni Mpoland kabisa, ukoo wa Korzeniowski, kazaliwa 1857 Berdychiv, siku hizi ni Ukraine ila enzi hizo ilikuwa chini ya Urusi. Baba yake alikuwa mshairi na mtafsiri, akaingia kwenye harakati za kuwapinga Warusi, wakamkamata wakampeleka uhamishoni Vologda, kaskazini mwa Urusi, kwenye baridi kali, mke na mtoto wakaenda naye. Mama akafa kwa kifua kikuu 1865, dogo ana miaka 7. Baba naye 1869, na kwenye mazishi pale Kraków, mji ambao siku hizi uko Poland, watu walijaa barabarani na huyo mtoto wa miaka 11 ndo katangulia mbele ya msafara, hapo ndo panaponiuma zaidi. Mjomba wake Tadeusz akamchukua. 1874 akaenda Marseille, Ufaransa, kuwa baharia, meli za Kifaransa kwanza, 1878 akahamia za Waingereza, na Kiingereza chenyewe kakijulia huko akiwa na miaka ishirini na kitu! 1886 akapata cheti cha unahodha, riwaya ya kwanza ikatoka 1895.