Mtafute Louise Farrenc
Ndugu, umeuliza kama Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na mwanamke mpiga piano aliyetunga hata muziki wa okestra. Alikuwepo: Louise Farrenc, mzaliwa wa Paris, 1804. Alitunga simfoni 3 (tungo ndefu za okestra), na tangu 1842 akafundisha piano katika Konsevatori ya Paris, chuo cha muziki, kwa miaka 30 hivi. Kinachoniuma ni mshahara: walimu wenzake wanaume walilipwa zaidi kwa kazi ileile! Mwaka 1850 utunzi wake wa ala 9 ulipokewa kwa shangwe, mpiga fidla mashuhuri Joseph Joachim akiwa miongoni mwa wapigaji. Ndipo akadai malipo sawa, akapewa. Alifariki 1875, na muziki wake ukasahaulika miaka mingi mno. Anza na simfoni ya 3.