Maswali ya Wapiga Gitaa: Je, nikate ukali wa modeli?

SWALI: Modeli (mwigo wa kidijitali) ya ampu ya gitaa, yaani kikuza sauti, aina ya Marshall 1959 Super Lead kwenye kifaa changu inachoma masikio nikiweka volyumu kwenye 3. Nikikata treble (sauti nyembamba za juu), si nitaharibu uhalisia?

JIBU: Huo ukali ndio uhalisia wenyewe. Kwenye volyumu ya chaneli kali ya ampu hiyo kuna kapasita, kijenzi kidogo cha umeme, inayopitisha treble, na kadiri unavyofungua kitufe ndivyo athari yake inavyopungua. Basi panda hadi 7 au 8, kisha punguza volyumu ya gitaa lenyewe. Ampu halisi haina volyumu kuu (kitufe cha kupunguza sauti yote mwishoni). Kama kifaa chako kimeiongeza, ifungue yote.

Pia angalia sauti inatokea wapi. Ukiunganisha kwenye ampu ya gitaa, zima modeli ya kabineti (mwigo wa sanduku la spika), la sivyo sauti itafifia kwa kupita spika mbili, ya mwigo na ya kweli. Kwa hedifoni iache ikiwa imewashwa, kisha kata masafa ya sauti yaliyo juu ya 7 kHz na chini ya 90 Hz. Ukilinganisha mipangilio, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, maana yenye kelele zaidi hudanganya sikio.

Bado inakuchoma? Kata treble bila woga. Msikilizaji hana ampu halisi ya kulinganishia.