Mwanangu ananiuliza kutwa nzima, "Mama, umefurahi?"

Shikamoo shangazi. Nina watoto wawili, wa kiume wa miaka 3 na wa kike wa miezi 8. Mume wangu alipoteza kazi kabla huyu mdogo hajazaliwa, na tangu hapo nyumba yetu haina raha. Tunagombana kwa ajili ya pesa, hasa usiku watoto wakishalala. Hajawahi kunipiga, ila siku moja alirusha sahani ukutani. Baada ya ugomvi tunakaa siku mbili tatu bila kusemezana. Mkubwa alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa amerudia. Anamng'ata mdogo wake, ananifuata hadi mlango wa choo, na kutwa nzima ananiuliza, "Mama, umefurahi?" Mdogo ni mtulivu sana, halii, watu wananisifia. Mimi usingizi umenikimbia. Kuna siku natamani nilale nisiamke, lakini ni mawazo tu. Mume wangu anasema watoto wadogo hawaelewi kitu, watasahau. Shangazi, nimeshawaharibu wanangu?
Mama wa wawili

Marahaba mwanangu.

Kuna sentensi moja umeipitisha haraka kisha ukaifunika kwa "ni mawazo tu". Nitaanza na hiyo, mengine yasubiri. Mtu anayetamani alale asiamke amelemewa, na anahitaji kusikilizwa na mwenye ujuzi wiki hii hii. Nenda kituo cha afya unakompeleka mtoto kupimwa uzito, umwambie muuguzi maneno yale yale uliyoniandikia, usiyapunguze. Huenda akakupa dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua. Swali lake la mwisho linauliza kama katika siku 7 zilizopita umewaza kujidhuru. Waliolitunga walijua kwamba mawazo hayo huwajia akina mama, na kwamba wengi hawayasemi mpaka waulizwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 13 hivi katika kila 100 waliotoka kujifungua wana tatizo la afya ya akili, na kubwa kati ya hayo ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Hauko peke yako. Na mawazo hayo yakikujia kwa nguvu usiku, au ukajikuta unapanga namna, usingoje kukuche. Mwamshe mume wako, gonga kwa jirani, nenda hospitali usiku huo huo.

Umeniuliza habari za watoto nami nimeanza na wewe. Sijakwepa swali. Wanao ni wadogo mno kuweza kuidaka dunia wenyewe. Wanaidaka kupitia uso wako, sauti yako na mikono yako. Ukitibiwa wewe, umewatibu wao.

Sasa nije kwa hilo la mume wako, kwamba watoto wadogo hawaelewi kitu. Maneno hawayaelewi, hapo namkubalia. Binti wa miezi 8 hajui deni ni nini. Lakini sauti ya mama yake aliijua tangu tumboni, na uso aliusoma kabla hajajua kukaa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliwapima ubongo watoto 20 wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini. Waliwasikilizisha sauti ya mwanamume anayetamka maneno yasiyo na maana, mara kwa upole, mara kwa hasira. Wale ambao mama zao walikuwa wameeleza kwamba nyumbani kuna ugomvi mwingi, ubongo wao uliitikia sauti ya hasira kwa nguvu zaidi, katika sehemu zinazohusika na hisia na msongo. Na walikuwa wamelala! Kwa hiyo kungoja watoto walale ndipo mgombane hakuwakingi kama mnavyodhani.

Mkubwa naye anaelewa zaidi, na taabu yake ni kwamba anaelewa nusu. Mtoto wa miaka 3 akiona jambo limeharibika na hakuna anayemweleza, hujitafutia sababu, na mara nyingi sababu anayoiona karibu ni yeye mwenyewe. Hapo ndipo ninapolisikia swali lake. "Mama, umefurahi?" Anapiga doria, mwanangu. Anakagua kama hali ni shwari ndipo arudi kwenye mchezo wake, na dakika chache baadaye anakuja kukagua tena. Mwili wake hufanya kama wako unaposhtuka: moyo hwenda mbio, homoni ya kotisoli hupanda. Ikipanda kisha ikashuka, hakuna ubaya. Hata sindano ya chanjo huipandisha. Madhara huja inapobaki juu siku nenda siku rudi, na hakuna mtu mzima wa kumtuliza. Nguvu ambazo angezitumia kujifunza maneno, kuchezea mchanga na kuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu, anazimalizia kwenye ulinzi.

Lakini nikuambie kilichoniuma zaidi katika barua yako, kuliko hata ile sahani. Ni zile siku mbili tatu za kutosemezana.

Nami niliishi hivyo. Nilidhani kunyamaza ni subira, na nilikuwa najisifu kwamba wanangu hawajawahi kunisikia nikipaza sauti kwa baba yao. Binti yangu alipokuwa mtu mzima aliniambia kwamba alikuwa akihesabu siku. Alijua kwamba siku ya tatu kwa kawaida tunaanza kuongea, na ikifika ya nne, tumbo linamuuma.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio ambalo sijawahi kulisahau tangu nilisome. Mama anacheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, wanachekeana. Kisha mama anaambiwa aendelee kumtazama mtoto, ila uso wake uwe mkavu, asitabasamu, asiitike. Mtoto anagundua papo hapo. Anatabasamu ili amvute mama. Anatoa sauti, ananyoosha mikono, anajaribu tena. Anaposhindwa anageuza uso, mwili unalegea, au analia. Hakupigwa wala kukemewa, na mama hakuondoka pale. Alichokosa ni jibu tu. Mtu mwenye sonona huwa na uso kama huo bila kutaka, na ndiyo maana nakusukuma uende kituo cha afya kwa ajili yao pia. Na huyo mdogo anayesifiwa kwa utulivu, siku hiyo hiyo mwambie muuguzi kwamba halii. Wako watoto wapole kwa maumbile. Ila mtoto akishazoea kuita bila kujibiwa naye hupunguza kuita, na muuguzi akimwangalia anavyofuatisha nyuso na anavyoitikia sauti ataweza kutofautisha hali hizo mbili.

Usikate tamaa hapo, kwa sababu Tronick huyo huyo alionyesha jambo la pili, ambalo nadhani ni kubwa kuliko la kwanza. Alipowachunguza akina mama wasio na shida yoyote wakicheza na watoto wao, aliona kwamba wanaelewana barabara kwa asilimia 30 hivi tu ya muda. Muda mwingine wote wanapishana: mtoto anataka kupumzika mama anamtekenya, mtoto anataka kucheza mama anatazama pembeni. Kisha wanatafutana, wanapatana. Huko kupatana tena, mara nyingi kwa siku, ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba mambo yakiharibika hutengenezeka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wanao wanahitaji mama anayerudi, na kurudi unakuweza hata ukiwa hoi.

Kurudi ni nini? Asubuhi baada ya ugomvi, kabla ya jambo lolote, chutama uwe sawa na kimo cha mkubwa wako. Mwambie, "Jana usiku mama na baba walikuwa na hasira, wakapaza sauti. Ilikuogopesha, eeh? Hukukosea wewe. Ni mambo ya watu wazima, na sisi tutayatengeneza." Yanatosha hayo. Usimweleze deni, usimweleze baba yake alivyokosea, wala usimfanye msiri wako. Na mdogo, dakika tano za kutazamana naye unapomnyonyesha au kumvalisha. Akitoa sauti, itikie sauti hiyo hiyo. Ukichoka, pumzika, kisha rudi.

Mkigombana mbele yao, mpatane mbele yao vilevile. Mtafiti Mark Cummings, aliyeshughulika miaka mingi na ugomvi wa wazazi, aliona kwamba watoto wanaoshuhudia ugomvi ukimalizika kwa kupatana wanatulia kwa kiasi kikubwa, tofauti na wale wanaoachwa hewani. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunagombana sebuleni, tunaombana radhi chumbani mlango umefungwa, na mtoto anabaki na ile nusu ya kwanza. Mwacheni aone baba akikupa kiti, akusikie ukimwita mumeo kwa jina lake la kawaida.

Mume wako naye sitaki kumwacha, na kama anasoma hapa, haya ni yake. Baba, kupoteza kazi ni msiba, na wengi huubeba wakiwa wamefunga mdomo, mpaka unatokea kwa njia ya sahani. Sonona huwapata akina baba pia; tathmini ya tafiti nyingi iliyochapishwa mwaka 2010 ilikuta baba 1 hivi katika kila 10 anayo, kuanzia mkewe akiwa mjamzito hadi mtoto atimize mwaka. Mashamba ya jimbo la Iowa, Marekani, yalipoanguka kwa madeni miaka ya 1980, Rand Conger, Glen Elder na wenzao walizifuatilia familia 451 za huko. Watoto wao walikuwa wakubwa kuliko wenu, wa kufikia ujana, lakini njia ya maumivu ilikuwa ile ile. Pesa zilipokatika ziliwavunja moyo wazazi, wazazi wakageukiana, kisha wakawa wakali au wakawaacha watoto wao wajiendee. Kule ndiko watoto walikoumizwa. Pesa huenda usizipate mwezi huu, baba. Lakini hizo hatua mbili za katikati, kugeukiana na kuwa wakali kwa watoto au kuwaacha, ziko mikononi mwenu leo, na hilo ni jambo la heshima kwa mwanamume kulishika.

Nawashauri mambo ya pesa yawe na saa yake, mchana, mara mbili kwa wiki, karatasi na kalamu mezani. Nje ya saa hiyo msiyaguse, na mmoja akianza, mwenzake amkumbushe, "Tuliyaweka Jumamosi." Usiku ni adui wenu, mtu aliyechoka husema asiyoyakusudia. Na wewe mama, kuhusu sahani: umesema mara moja, nami nakuamini. Ikitokea tena, au ukaanza kumwogopa, ushauri wangu wote wa kupatana uweke kando kwanza. Wachukue watoto uende kwa mtu unayemwamini, ndipo tuzungumze mengine.

Kukojoa kitandani, mpeleke apimwe mkojo isije ikawa ni maambukizi. Kama hana ugonjwa, badilisha shuka bila maneno, usimwaibishe, usimlinganishe na mdogo wake. Kung'ata, mzuie kwa mkono, mwambie "Sikuruhusu umng'ate," kisha mpe muda wako mwenyewe asiougawana na mtu. Nyumba ikipoa, mambo haya mawili kwa kawaida hupungua yenyewe.

Umeniuliza kama umeshawaharibu. Hapana. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi wakawa watu wazima. Wapo waliokulia katika mkusanyiko wa shida: ukata, ugomvi wa nyumbani, wazazi wenye maradhi ya akili au ulevi. Theluthi moja hivi ya hao wakawa watu wazima wenye kujiamini, wema, wanaojiweza. Kitu kimoja kilichojirudia katika maisha yao ni kwamba walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewapenda bila kuyumba. Wanao wanaye mtu huyo, ndiye aliyekaa usiku akaniandikia. Ila mtu huyo ameelemewa, na ni lazima asaidiwe.

Msaada wenyewe si lazima uwe daktari bingwa. Huko vijijini Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafunza wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wasio na shahada ya saikolojia, namna ya kukaa na mama mwenye sonona nyumbani kwake na kumsaidia kupanga upya mawazo yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: watoto walipofika miezi 6, waliobaki na sonona kati ya akina mama waliosaidiwa hivyo walikuwa 23 katika kila 100, na kati ya wale waliotembelewa bila mafunzo hayo, 53. Kwa hiyo muuguzi akikwambia kuna mtu wa kuzungumza naye kila wiki, usidharau. Mwombe dada yako, mama mkwe au jirani akushikie watoto saa hiyo. Na siku moja moja akushikie ulale tu.

Kesho mwanao akija na swali lake, usimjibu "ndiyo" harakaharaka ili aondoke. Uso wako utamwambia vingine, na ataanza kutoyaamini macho yake. Mwambie, "Leo mama amechoka. Hukunichosha wewe. Njoo ukae hapa kidogo." Akae mpaka atakaposhuka mwenyewe akacheze. Atauliza tena, pengine kwa wiki nyingi. Mjibu kila mara.

Nenda kituo cha afya kwanza, kisha uniandikie. Nakungoja.

Shangazi yako