Kwa Aliyeniambia Matumaini ni ya Walioshiba

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Wewe unahubiri matumaini kwa sababu umeshiba." Ujumbe uliniuma, sitaficha. Huko anakodhani sikujui nimeishi.

Mkataba wangu ulipokatishwa, sisi tulioachishwa pamoja tulifungua kundi la WhatsApp ili tupeane taarifa za kazi. Haikuchukua muda likageuka matanga. Ukiweka tangazo la nafasi, unajibiwa, "Hiyo ina mwenyewe." Mwenzetu akaitwa kwenye usaili, akaambiwa anakwenda kukamilisha idadi. (Kazi aliipata. Hakupongezwa na mtu.) Mle ndani aliyekata tamaa ndiye aliyeonekana mjanja, anayejaribu akaonekana mshamba. Siku niliyosema natuma maombi tena, mtu niliyemheshimu sana alinicheka mbele ya wote. Nimemsamehe, nadhani.

Nikajitoa. Mtoto wa jirani alikuwa akihangaika na hesabu za sehemu, nikawa nakaa naye jioni. Jioni moja akakokotoa swali zima bila kuniangalia usoni. Usiku ule nililala kama mtu aliyetoka kazini! Wakaja wenzake, kisha wazazi wakaanza kunilipa, na kipindi kirefu cha kuhesabu senti nakiruka hapa kwa sababu hakina utamu.

Baadaye nilikutana na utafiti ulionieleza kilichonipata. Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizima, wengi wao walilala chini na kuvumilia hata pale ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa. Wakasema wanyama hao wamejifunza kushindwa. Mwaka 2016 wawili hao waliandika kwamba walikuwa wameligeuza jambo kichwa chini. Mateso yakirefuka, kulala chini huja kwenyewe, hakuhitaji somo. Kinachofunzwa ni kutambua kwamba kitendo chako kinabadilisha kitu, na ubongo ukishalitambua hilo haukati tamaa tena kirahisi.

Basi ndugu yangu, yule anayekwambia "haina maana" hana siri aliyoivumbua. Amelala tu pale mwili ulipomlaza. Tafuta kitu kidogo ambacho ukikigusa kinaitika leo leo: mfundishe mtu, tengeneza kilichovunjika, limia mgonjwa asiyeweza. Kisha fanya kingine kidogo. Najua nakariri, lakini mimi sina dawa nyingine, na anayekuuzia mpango wa hatua kumi mkimbie. Habari za asubuhi zisiwe kifungua kinywa chako. Na kundi linalokucheka ukijaribu, toka, hata kama wamo rafiki zako wa zamani.

Yule aliyenicheka aliniandikia mwezi uliopita, akiuliza kama nina mtu wa kumsaidia kupata wanafunzi wa jioni. Nilimpa namba mbili. Lile kundi nasikia bado lipo.